Niliambiwa pingili zimesagika: je, nikiinama nitaumia zaidi?

Barua ya msomaji

Assalaam alaykum, mshauri.

Mimi ni mama wa miaka 43, mkazi wa Tanga, na kwa miaka 14 nimeyaendesha maisha yangu kwa kupika vitumbua na maandazi ya kuuza alfajiri. Miaka miwili iliyopita niliinama kunyanyua ndoo ya maji ya lita 20, nikahisi kiunoni kama nimechomwa msumari wa moto, nikashindwa kunyooka. Nililala kitandani karibu wiki tatu. Baadaye nilipigwa picha ya MRI, na aliyenisomea majibu akaniambia kwamba pingili zangu za chini zimesagika na diski moja, ule mto laini ulio kati ya pingili, imejitokeza nje, kwamba nisiiname wala nisibebe kitu kizito, na kwamba nikifanya mchezo nitaishia kwenye kiti cha magurudumu. Maneno hayo sijayasahau hata siku moja.

Tangu hapo sijakalia mbuzi kukuna nazi, sijashika fagio la chelewa, na ndoo ya maji siigusi. Nazi anakuna binti yangu kabla ya kwenda shule, na biashara imepungua hadi kusinyaa. Mchana kutwa navaa mkanda wa kiuno. Sala naisali nimekaa kwenye kiti, kwa kuwa naogopa kurukuu na kusujudu, na jambo hili ndilo linaloniumiza moyo kuliko yote. Nikikaa kimya maumivu hutulia, lakini nikifikiria tu kuinama mgongo hukaza, na hata nikimwona mtu mwingine akiinama kuokota kitu najikuta nimejishika kiuno. Miguu yangu ina nguvu, haja zote napata kama kawaida, na daktari mwingine aliyenipima mwezi uliopita alisema mishipa ya fahamu iko salama.

Sasa mpwa wangu anayesoma chuo amenieleza habari za watafiti wanaochunguza hofu ya kujongea na uhusiano wake na maumivu, akaniambia kwamba huenda hali yangu ni hiyo. Usiku ule nililia. Je, wanasema naigiza? Na kama picha imeonyesha kwamba pingili zimesagika, hofu yangu ina kosa gani? Januari binti yangu anakwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni, na sijui nani atakayenikunia nazi.

Mama Vitumbua, Tanga

Jibu

Waalaykumu salaam, dada yangu.

Maumivu yako ni ya kweli, na hakuna mtafiti makini wa jambo hili aliyepata kusema kwamba watu kama wewe wanaigiza. Naanza na hilo kwa sababu naona limekunyima usingizi, na kwa sababu mpwa wako, kwa nia njema kabisa, amekufikishia nusu ya habari.

Habari yenyewe ilianza na swali ambalo kila mtu wa kazi yangu ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, amewahi kujiuliza: kwa nini watu wawili wanaoumia mgongo kwa namna moja, mmoja hurudi kazini baada ya wiki chache na mwingine hubaki amefungwa na maumivu kwa miaka? Mwaka 1983 watafiti wa Uingereza, Lethem na wenzake, walipendekeza kwamba njia hugawanyika pale mtu anapoamua namna ya kukabiliana na hofu ya maumivu, ama kwa kuyaendea taratibu matendo yanayomwogopesha, ama kwa kuyakwepa. Mwaka 1990 Kori, Miller na Todd wa Marekani waliipa hofu hiyo jina la kinesiofobia, wakatunga dodoso la maswali 17 linaloitwa kwa jina la mji wa Tampa, ambalo linatumika hadi leo. Kisha Johan Vlaeyen na wenzake nchini Uholanzi wakauchora mzunguko mzima, ambao ukisomewa utadhani wamekaa jikoni kwako: mtu anaumia, anaamini kwamba maumivu hayo ni ishara ya kitu kinachoharibika ndani, anaogopa, anakwepa kuinama na kubeba, misuli inadhoofika, moyo unaingiwa na huzuni, mwili unazidi kuwa mwepesi wa kuuma, na maumivu mapya yanaonekana kuwa ushahidi kwamba hofu ilikuwa sahihi.

Sipendi neno kinesiofobia litafsiriwe kuwa "woga". Kwetu woga ni aibu, ni neno la kumsema mtu, ilhali kinachozungumzwa hapa ni kinga ya mwili iliyofundishwa kupita kiasi. Mwaka 2011, katika chuo kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji, Ann Meulders na wenzake waliwaomba watu wenye afya njema wausogeze mkono wa mtambo mdogo pande tofauti. Mwendo wa upande mmoja ulifuatwa na mshtuko wa umeme wenye kuumiza, na wa upande mwingine haukufuatwa. Haikuchukua muda mrefu kabla mwendo ule wa kwanza haujaanza wenyewe kuzusha hofu, na hofu hiyo haikuwa ya kusimuliwa tu, kwani ilipimika hata katika namna kope za macho zilivyoshtuka. Hawa walikuwa watu wazima wasio na ugonjwa wowote, nao walijifunza kuuogopa mkono wao wenyewe kwenda upande mmoja. Wewe ulipata funzo kali zaidi la hilo siku ya ndoo, na kabla funzo hilo halijafifia ukapewa la pili kwa maneno, ulipotajiwa kiti cha magurudumu. Ningeshangaa kama usingeogopa.

Naomba uelewe pia utafiti huu unadai nini na haudai nini. Mwaka 1999 Geert Crombez na wenzake waliandika kwamba, kwa wagonjwa wa mgongo wa muda mrefu waliowachunguza, hofu ilieleza vizuri zaidi kiasi cha mtu kushindwa shughuli zake kuliko ukali wa maumivu ulivyoeleza. Hiyo ni habari ya kushindwa shughuli, si habari ya maumivu kutungwa kichwani. Kwa maneno mengine, kilichokuondoa kwenye mbuzi ya nazi kinaweza kuwa hofu zaidi ya uti wa mgongo, hata kama kiuno kinauma kwelikweli. Wapo watafiti wanaokumbusha, nami nakubaliana nao, kwamba hofu na maumivu hutembea pamoja, na si rahisi kila mara kujua kipi kilitangulia. Ndiyo maana simwambii mgonjwa kwamba hofu yake ndiyo sababu ya kila kitu.

Sasa tuje kwenye picha, kwa kuwa naona ndipo mzizi wa hofu yako ulipo. Mwaka 2015 Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti 33 zilizohusu watu 3,110 waliopigwa picha za mgongo ilhali hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 tayari walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 40 ilikuwa asilimia 68, na nusu yao walikuwa na diski iliyojitokeza. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Hebu wafikirie wanawake 10 wa rika lako wanaopanga foleni alfajiri kununua vitumbua huku wamebeba watoto na vikapu: kwa hesabu hiyo 6 au 7 kati yao wangepigwa picha, wangeonekana na diski zilizochakaa, na wao hawajui kwa sababu hawajawahi kuumwa wala kupimwa. Tena diski iliyojitokeza si kitu kilichokwama hapo milele, kwani nyingi hunywea na kurudi zenyewe kadiri miezi inavyopita, na picha yako sasa ina umri wa miaka miwili.

Neno "zimesagika" nalilaumu sana. Ni neno tunalolitumia sisi wa sekta ya afya kwa haraka, tukidhani tunarahisisha, na mgonjwa akilisikia anaona mfupa ukisuguana na mfupa kama jiwe la kusagia, unga ukimwagika kila anapoinama. Mwanzoni mwa kazi yangu nami nililitumia, na niliwafundisha watu wengi kuinama kana kwamba wamebeba yai mgongoni. Leo ningetamani kuwapata wote niwaambie vingine. Tahadhari ile haikuwa na msingi tuliodhani inao. Tathmini ya tafiti iliyochapishwa mwaka 2020 kuhusu kunyanyua mizigo haikupata ushahidi kwamba wanaoukunja mgongo zaidi wakati wa kunyanyua ndio wanaoishia na maumivu ya kiuno, ingawa waandishi wenyewe walikiri kwamba tafiti walizozipata hazikuwa za ubora wa juu.

Umeeleza kwamba ukifikiria tu kuinama mgongo hukaza. Hilo nalo lina maelezo ya kimwili. Mtu asiye na maumivu akiinama hadi mwisho, misuli ya mgongo hulegea na kuacha kano zinazofunga mifupa pamoja na viungo vibebe uzito, na jambo hili hupimwa kwa vifaa vinavyobandikwa kwenye ngozi. Kwa wengi wenye maumivu ya muda mrefu misuli hiyo hailegei; hubaki imekaza mwanzo hadi mwisho, ikilinda. Kunja ngumi yako uibane kuanzia adhuhuri hadi alasiri, kisha uangalie kama mkono hautauma, ingawa hakuna mfupa uliovunjika ndani yake. Sehemu ya maumivu yako ya jioni, kwa maoni yangu, ni mshahara wa ulinzi huo wa kutwa nzima, na mkanda unauongeza, kwa kuwa kila saa unakukumbusha kwamba mgongo wako hauwezi kujishika wenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, limependekeza mikanda hiyo isitumike kama tiba ya kawaida. Usiitupe leo. Ivue saa moja zaidi kila baada ya siku chache, hadi uisahau msumarini.

Kulala nako tumejifunza kwa tabu. Jijini Helsinki, Finland, mwaka 1995, wafanyakazi 186 wa jiji waliopatwa na maumivu makali ya kiuno waligawanywa makundi matatu: waliolazwa kitandani siku mbili, waliopewa mazoezi ya mgongo, na walioambiwa waendelee na shughuli zao za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona vizuri zaidi ni hao wa mwisho. Nalitaja hili ili siku mgongo utakapokushika tena, maana huenda ukakushika, usirudie wiki tatu za kitanda.

Tiba ya hofu ya kujongea ni kuliendea tendo lenyewe linaloogopwa, hatua kwa hatua. Vlaeyen na wenzake walitumia picha za shughuli za kila siku: mgonjwa huzipanga kwa kadiri anavyoona kila moja itaudhuru mgongo wake, kuanzia sifuri hadi 100. Huhitaji picha zao. Chukua karatasi, uandike shughuli zako mwenyewe na namba ya hofu kando ya kila moja. Labda kuokota kanga kitandani ni 20, kuvaa viatu umeinama 35, kufagia uwanja 55, kurukuu 60, kusujudu 75, kukuna nazi 80, na ndoo iliyojaa 100. Namba utazijua wewe, mimi nabahatisha tu.

Anza na ile ya chini, na kabla hujaitenda, andika kwa maneno yako unachoamini kitatokea. Usiandike "nitaumia", kwa kuwa kuumia kidogo kunaweza kutokea na hakutakufundisha lolote. Andika lile hasa unaloliogopa: "nitasikia kitu kimekatika", au "nitashindwa kunyooka hadi kesho", au "miguu itakufa ganzi". Kisha tenda, polepole, bila mkanda, bila kujishika kiuno, huku unapumua. Ukibana pumzi na kujishika, mwili utaamini kwamba kilichokuokoa ni kule kujishika, na somo litapotea. Baadaye soma ulichoandika, uangalie kama kimetokea. Rudia tendo hilo hilo mara kadhaa kwa siku, sebuleni na uani, asubuhi na jioni, maana hofu iliyozimwa mahali pamoja hujua kujificha mahali pengine. Namba ikishuka, panda ngazi inayofuata.

Maumivu yanaweza kupanda kidogo siku za mwanzo, kama miguu ya mtu aliyerudi kulima baada ya miaka miwili ya kukaa. Yakitulia ndani ya siku moja au mbili, endelea. Yakizidi hapo, punguza kiasi badala ya kuacha tendo: nusu ya uwanja badala ya uwanja mzima.

Ni haki yako pia kujua mipaka ya tiba hii. Katika jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2008, likiwa na wagonjwa 85, njia hii ilipunguza vizuri zaidi imani kwamba shughuli zina madhara, lakini haikuipita waziwazi njia ya kuongeza mazoezi kidogo kidogo katika kuwarudishia watu uwezo wa kufanya kazi. Matokeo yaliyonitia moyo zaidi yalitoka Australia mwaka 2023, katika jaribio la Peter Kent na wenzake lililohusu watu 492. Humo mtaalamu wa fiziotherapia alikaa na mgonjwa, akamsaidia kuielewa historia ya maumivu yake, akamfundisha kujongea tena bila kujilinda, na kumrudisha kwenye maisha anayoyataka. Nafuu waliyoipata baada ya wiki 13 ilikuwa bado ipo baada ya mwaka mzima. Kwa hiyo ukiweza kumpata mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya mkoa au ya rufaa, usifanye haya peke yako. Nenda na karatasi yako ya namba, umwombe muinamie pamoja hapo hapo kliniki. Akikulaza tu chini ya mashine na kukuruhusu uondoke, mwambie kwa heshima kwamba unalohitaji ni kujifunza kuinama.

Haya yote nimeyaandika kwa kuwa umesema miguu ina nguvu, haja ziko sawa na mishipa imepimwa. Siku ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo ukakataa kutoka, au ukafa ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au mguu ukalegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja kesho. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito bila sababu, au maumivu yasiyotulia hata ukilala pia yanataka vipimo, kwani kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo nchini mwetu, na hakitibiwi kwa kuinama.

Kuhusu sala, mgonjwa ameruhusiwa kusali amekaa, na sina elimu ya kusema zaidi ya hapo. Muulize sheikh wako. Ninachoweza kukueleza ni upande wa mwili. Rukuu kwa sehemu kubwa ni mkunjo wa nyonga, na sijida huanza magotini huku mikono ikipokea uzito, hivyo mgongo haubebi mzigo wowote wa nje. Anza nje ya sala, ili ibada yako isigeuke uwanja wa majaribio: piga magoti juu ya godoro, weka mikono mbele, shusha paji la uso hadi kwenye mto mnene, kaa hapo pumzi tano, inuka. Wiki inayofuata punguza mto. Wako wagonjwa niliowaona wakilia waliposhusha paji la uso hadi kwenye mkeka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na sikuwa na la kuwaambia zaidi ya kuwasubiri wainuke.

Zungumza na walio nyumbani. Binti yako anayekimbilia kuokota kijiko kabla hujainama anafanya hivyo kwa mapenzi, lakini kila akikimbia unasikia tena yale maneno ya hospitali. Mwombe aache kijiko kilale chini.

Na nazi: kutoka leo hadi Januari, mwache akae kando yako jikoni wakati unakalia mbuzi wewe. Siku ya kwanza kalia tu, bila nazi. Siku ya pili ukune mizunguko kumi, umkabidhi kifuu amalizie. Ongeza mizunguko kwa hesabu uliyoipanga asubuhi, si kwa namna mgongo unavyojisikia wakati huo. Wiki chache kabla hajaondoka, ukune kifuu kizima huku yeye akikuchujia tui, kisha uniandikie namba ya hofu ilikuwa ngapi ulipokaa, na ilikuwa ngapi ulipoinuka.